Sita na Moja

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Zimebaki kumi na mbili. Baba amenitangazia hivyo asubuhi hata kabla sijamwamkia. Kumi na mbili, na kwa kuwa Jumapili hagawi, atamaliza Jumamosi ya wiki ijayo. Wiki moja kamili kabla ya kuweka jiwe kwenye kaburi la Mama.

Leo ilikuwa zamu ya 10,301. Alikaa barazani, blanketi magotini, akaigawa ile namba yake mstari kwa mstari na ile penseli anayoichonga kwa kisu. Dakika hamsini. Macho yameharibika, anaandika tarakimu kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, hesabu moja inamaliza ukurasa. Baki 3,618. Akapiga mstari, akaandika tarehe, akasema: imekataa. Ndivyo anavyosema kila siku. Imekataa.

Wacha niandike yote, maana najijua, nitasahau ilivyoanza. Agosti 2021, Mama alilazwa Kitui siku tisa. Baba akawa anakaa nje kwenye benchi na kadi ya Mama ya hospitali. Siku hizo zote hakuna aliyemwita Mama kwa jina lake, Mbithe. Muuguzi alitoka mlangoni akaita "Mwenye 108401041!" na Baba akasimama. Kwenye benchi hakuwa na la kufanya, akaanza kuigawa nyuma ya bahasha. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, ikabaki moja. Kwa tano, ikabaki moja. Siku ya tisa waliita namba na hakukuwa na mtu wa kumpelekea uji.

Tulipozika akaniuliza kama kuna namba ambazo hazigawanyiki kabisa. Nikamwambia zipo, ndizo prime, na sikuona nilichokuwa nakianzisha. Nikamweleza kwamba ukitaka uhakika huna haja ya kujaribu kila kitu. Jaribu namba za aina hiyohiyo, kuanzia mbili hadi kipeuo cha pili cha namba yako. Kigawanyi kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, kwa hiyo ukiwamaliza wadogo umemaliza kazi. Kwa namba ya Mama, mwisho ni 10,399. Ziko 1,274.

Akasema moja kwa siku. Nikasema kompyuta ya shule inamaliza kabla hujapiga chafya. Akaniangalia vile alivyokuwa akiwaangalia watu wa ng'ombe wagonjwa pale joshoni, pa kuogeshea ng'ombe, alikofanya ukarani miaka thelathini. Akaniapisha nisiiguse kwa mashine wala kwa kalamu. Alisema anataka kufika kwa miguu. Nikaapa. Mwalimu wa hesabu, digrii ukutani, nikaapa kutogawa.

Jumatano, 26 Novemba

10,313. Imekataa.

Nyamai amepiga simu kutoka Kitui. Ndugu yangu huyu ana haraka hata akiwa amekaa. Fundi Kisilu wa Kikima anataka maneno ya jiwe wiki hii. Nikampa Baba simu, akamtajia mtoto wake polepole, neno kwa neno: Mbithe Mwau. 1948 – 2021. Chini yake 108401041. Chini yake HAIGAWANYIKI.

Kisha Nyamai akaomba azungumze na mimi.

"Sister, hiyo ni namba ya file ya hospitali. Unataka watu wa kanisa wasome nini hapo?"

Nikamwambia wasome kwamba haigawanyiki. Akasema sawa basi, ni jiwe la mzee. Lakini nilisikia anacheka, na nilikasirika kupita kiasi. Najua kwa nini. Si kwa ajili ya Mama.

Ni kwa ajili ya lile neno. Mwaka ule wa kwanza Baba aliniuliza prime ni nini kwa Kiswahili, shule mimi hufundisha kwa Kiingereza, nikafungua kamusi. Namba tasa. Nilisoma kwa sauti kabla ya kujizuia. Tasa! Neno lile lile alilolitumia mama mkwe wangu mlangoni kwake siku aliponirudisha na sanduku langu, miaka kumi na tisa iliyopita, mbele ya majirani. Baba alikuwa ndiye aliyelibeba lile sanduku kupanda kilima.

Siku hiyo ya kamusi Baba akaniuliza, hiyo namba tasa, ni nini kinachoweza kuigawa? Nikasema moja, na yenyewe. Akasema, basi si pungufu. Mmoja ni Mungu, na yenyewe ni yenyewe. Mwaitu, wewe pia uko hivyo.

Huniita mwaitu, mama yangu, kwa sababu mimi ni Ndila, nimepewa jina la mama yake. Tangu siku hiyo nimelivaa lile neno tasa kama leso mpya. Mtu akiniuliza una watoto wangapi, najibu moyoni: tasa, na haigawanyiki.

Ijumaa, 28 Novemba

10,331. Imekataa. Mvua imenyesha, maharagwe yananing'oa mgongo kwa palizi.

Baba anataka madaftari yote yawe mezani siku ya jiwe, watu wayaone. Yako arobaini na moja. La kwanza limeliwa na mchwa pembeni, kwa hiyo nimeambiwa nilinakili upya. Kunakili si kugawa. Nikakubali.

Nimeanza saa nane. Ndani ya jalada ameandika orodha yake ya kwanza, zile ndogo alizozitoa kichwani kabla sijamletea jedwali la shule, ambalo linaanzia 101. Mwandiko wa wakati ule ulikuwa mzuri. Ukurasa wa kwanza, kwa 2, baki 1. Wa pili, kwa 3, baki 1. Wa tatu, kwa 5, baki 1. Wa nne, kwa 61, baki 15. Wa tano, kwa 11.

Nikarudi nyuma. Kwa 61?

Sitini na moja ina ukurasa wake. Nimeukuta mbele, wa kumi na nane, mahali pake panapostahili. Baki 15, bila shaka, hesabu ni ile ile. Aliigawa mara mbili na hakuona. Kwenye jalada, nafasi ya nne, kuna 6, halafu kitu kama doa au kistari kilichofifia, halafu 1.

Na baada ya tano inapaswa kuja ipi, mwalimu?

Nimefunga daftari. Nikarudi shambani na jembe. Sikuigawa. Niliapa.

Jumamosi, 29 Novemba

Kalamba, kwa shangazi Kasiva, dada mkubwa wa Baba, kumwalika kwenye shughuli ya jiwe. Nilimkuta uani anapanga maembe ya kupeleka sokoni, mafungu mafungu. Nikakaa nimsaidie. Akawa anahesabu kwa Kikamba huku akinisengenyea jirani. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, sita na moja, nane.

Nikamwomba arudie. Akashangaa. Arudie nini?

Hiyo baada ya sita.

Akasema mimi ni mtoto wa shule, sijui kitu. Hiyo namba haiitwi ikiwa peke yake. Si kwa mbuzi, si kwa ng'ombe, si kwa watoto. Ukiiita, inakuja kuchukua chake. "Mama alitupiga vidole kwa hiyo. Wewe si umepewa jina lake, na hakukufunza?" Kumi na saba haina neno, anasema, hapo iko na mwenzake. Ni ile ya pekee. Akanicheka: hata Baba yangu Mwau pale joshoni, ng'ombe wa mtu wakifika idadi hiyo aliandika 6, kistari, 1. Mzungu wa mifugo alimgombeza, hakuacha.

6, kistari, 1.

Embe lilinitoka mkononi. Shangazi akasema jamani, mtoto huyu hajala tangu asubuhi, akaenda kuniletea uji.

Nimejua tangu pale. Baba aliiandika hivyo kwa heshima ya mama yake, kistari kikafifia, na siku ya nne akaisoma sitini na moja. Macho yalikuwa mazima wakati ule. Ni mkono tu uliokumbuka na macho yakasahau.

Jioni, nikingoja boda kule barabarani, nimechukua karatasi iliyofungia maembe niliyopewa. 108401041 kwa 7. Mistari michache.

Baki sifuri.

Jumapili, 30 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa. Ni kweli kinauma.

Nimeirudia mara nne. Haibadiliki.

Jumatatu, 1 Desemba

10,337. Imekataa, akasema, na mimi nikapeleka kikombe jikoni haraka asiuone uso wangu.

Nitaandika kinachoniuma. Hasira yangu ya kwanza si kwake. Ni kwangu. Miaka minne namba hii imelala ndani ya nyumba hii na mimi sijaigawa kwa saba. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akininyima mstari huo ningempa sifuri kwa wino mwekundu. Nilijificha nyuma ya kiapo. Ukweli ni kwamba sikutaka kujua. Nililitaka lile neno.

Na jingine. Mama hakuwa tasa, bila shaka hakuwa. Alituzaa wawili. Nani alituambia namba yake iwe tasa? Tasa ni mimi. Nilicheka peke yangu kwenye zizi nilipofikiria hivyo, kisha nikalia, kisha nikakamua mbuzi maana hawangojei mtu alie amalize.

Mchana nimekwenda shule, nikasema nafuata karatasi za mitihani. Nimewasha kompyuta. Kiapo kilikwisha kuvunjika, nikaona nikivunje chote. 108,401,041 ni saba mara 15,485,863. Basi. Hakuna kingine. Saba na hiyo tu. Na hiyo 15,485,863 haigawanyiki na chochote. Baba asingeipata kamwe kwa hao wengine wote 1,273. Wote walimwambia kweli. Mmoja tu ndiye hakuulizwa.

Halafu nikaangalia iko wapi kwenye mstari. Ukizipanga namba tasa zote tangu mbili, tatu, tano, bila kuruka, hiyo inasimama ya milioni moja. Si karibu na milioni. Ya milioni moja kamili. Nilikaa pale kwenye chumba cha kompyuta nikiiangalia. Gawa namba ya Mama kwa saba tu na hicho ndicho kinachotoka.

Sijui kama ni zawadi ya kumpelekea au ni dawa ya kunipaka mimi.

Jumatano, 3 Desemba

10,357. Imekataa.

Nimempigia Nyamai nikamwambia. Akaniuliza kama nina uhakika. Kisha:

"Sasa si uwache tu. Nani atakuja na calculator kwa kaburi?"

Nikasema mimi.

"Wewe si mtu, wewe ni mwalimu." Akacheka kidogo, lakini hakuwa anacheka. Akasema mzee ana miaka sabini na tisa. Ameamka kila asubuhi miaka minne kwa sababu ya hiyo kitu. "Ukimtoa hiyo, atakuwa anaamkia nini? Mimi niko Kitui. Ni wewe utakuwa hapo."

Nikashuka Kikima kwa fundi Kisilu. Jiwe limelazwa juu ya magunia, jeusi, kubwa kuliko nilivyodhani. Ameshachora maneno yote kwa chaki. Nimemwomba asubiri mstari wa tatu na wa nne. Akaniuliza kuna makosa? Nikasema labda. Akasema anaweza kusubiri hadi Jumapili jioni, jiwe lazima likae siku mbili kabla ya gari kulibeba. Akagusa chaki na kidole. "Mwalimu, hii si blackboard. Nikigonga nimegonga."

HAIGAWANYIKI. Ameichora vizuri. Herufi zote zimesimama sawasawa.

Alhamisi, 4 Desemba

10,369. Nilikuwa nimepanga kusema wakati wa chai. Nikafungua mdomo. Baba akaniambia leo ameota Mama akiosha vyombo, na alipomwita kwa jina aligeuka. Siku zote kwenye ndoto huwa anamwita kwa namba na hageuki. Furaha yake! Nikamwongezea chai.

Mficha uchi hazai, husema watu. Methali hiyo kwangu imechelewa.

Ijumaa, 5 Desemba

10,391. Baki 2,129.

Zimebaki moja.

Nimeandika "zimebaki moja." Iache ilivyo.

Nimejiuliza siku nzima nikipalilia: ningekuwa yeye, ningetaka kuambiwa? Ndiyo. Bila kusita. Afadhali nilie na kitu cha kweli. Lakini mimi ni mimi, na ni rahisi kuwa jasiri kwa kidonda cha mwingine. Nikimwambia, nampokonya Mama mara ya pili. Nisipomwambia, kila nikipita kaburini nitasoma uongo, na atakayeujua ni mimi peke yangu hadi nife, na wala sina mtoto wa kumwachia.

Na lile neno aliloniambia, mwaitu, wewe pia uko hivyo. Je, lilisimama juu ya hesabu? Nikiing'oa hesabu linabaki?

Hata sijui naogopa nini zaidi, kumvunja yeye au kusikia jibu hilo.

Jumamosi, 6 Desemba

Amevaa koti. Kunyoa amenyoa. Nimeweka meza barazani na madaftari yote arobaini na moja, na lile la kwanza nililolinakili juu kabisa. Nililinakili kama lilivyo, makosa yote. Ukurasa wa nne, kwa 61. Kwenye jalada nilichora hata kile kistari kilichofifia, 6-1.

10,399. Ilimchukua saa nzima. Mara mbili alipoteza mstari na mara mbili nilimwekea kidole mahali pake. Baki 1,865. Akapiga mstari. Akaandika tarehe. Nikangoja aseme imekataa.

Hakusema. Akaweka penseli juu ya meza, akaikunja mikono, akatazama chini bondeni kama dakika tano. Nikawaza: sasa. Sema sasa kabla hajafurahi.

Ndipo akasema macho yake hayasomi tena, nimsomee orodha yote, tangu ya kwanza. Anataka kuzisikia zote zikipita mara moja. Anayakumbuka mabaki ya zile za mwanzo, anasema, aliyapata kwenye benchi.

Nikachukua lile la kwanza. Nikasoma mbili.

"Baki moja," akasema.

Tatu.

"Baki moja."

Tano.

"Baki moja." Akainua vidole vitatu akaviangalia. Akawa amefumba macho, anangoja. Sikusoma. Nikasema maziwa yanamwagika jikoni, nikainuka.

Niko jikoni. Naandika nimesimama, daftari hili juu ya kabati la sufuria. Nikitoka nitasoma kilichoandikwa au nitasoma kilichopaswa kuandikwa. Kisilu anangoja hadi kesho jioni. Nyamai amenitumia ujumbe, sijaufungua.

Ananiita. Ameita tena, hana haraka.

"Mwaitu. Ya nne ni ile mama yangu hakuwa anaitaja."

Nimesimama tu na kalamu. Kuku wameingia jikoni, nawaona, siwafukuzi.

"Mwaitu, hiyo tuliigawa?"

Ameacha kuita sasa. Nasikia anafunua kurasa, polepole, anazihesabu kwa kidole. Maziwa hayamwagiki. Hata moto sijawasha.